Chapati za Kuombea Opsheni

Nilikuwa nimesimama mapokezi ya jumba la vioo katikati ya London, hotpoti ya chapati mikononi, na nyuma yangu wanachama wanne wa chama chetu kwa vitenge vya harusi. Tulikuja kuiomba kampuni ya hisa itusogezee mbele siku ya mwisho ya opsheni zetu. Mwenyekiti Barasa hakuja. Alisema ana mafua. Mlinzi, Mtanzania wa makamo, alitusikiliza hadi mwisho.

"Pole, dada," akasema. "Hapa tarehe haiombwi."

Chapati mbili alikubali.

Ninyi mnaotamani uweka hazina wa chama, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Siku ya kwanza, sebuleni kwangu Stratford, nilikabidhiwa daftari na kalamu iliyotafunwa kichwa. Mimi mfagizi wa stesheni, darasa la saba sikumaliza, na ndiyo sababu walinichagua: mwenye elimu, walisema, atajua pa kuibia. Tulikuwa sita, kila mmoja na deni la kadi ya benki. Kila mwezi tunachanga, mmoja anafuta deni lake, zamu inasonga. Wa kwanza alikuwa Barasa.

Zamu yake ilipokwisha tu, akaanza kulalamika kwamba tunakwenda mwendo wa kobe.

"Mama Shiku, pesa haizai ikilala kwenye daftari," akaniambia.

Katibu Nekesa, muuguzi wa diploma mbili, akamuunga mkono: soko likitikisika, eti, ndipo matunda hudondoka.

Wakataka michango yetu inunue opsheni za hisa. Opsheni ni kama arubuni. Unalipa kidogo ushikiwe haki ya kununua hisa kwa bei mliyopatana, hadi siku fulani. Zikipanda, umefaidi. Siku ikipita hazijapanda, arubuni imeliwa. Mimi nilielewa upesi mno. Kakamega niliwahi kuwekea kochi arubuni, nikachelewa miezi miwili, nikampelekea seremala chapati, akanishikia. Nikatia sahihi.

Miezi mitano tulichanga bila kumpa mtu zamu, pesa zote zikaenda kwenye opsheni. Bei zikapanda Jumatatu, zikashuka Jumanne, zikapenda huko chini. Siku ilipokaribia ndipo tukabeba zile chapati; ikapita, arubuni yote ikaliwa.

Sasa nimestaafu uweka hazina. Daftari walininyang'anya, kalamu wakaniachia. Nafagia hata Jumapili, kadi bado inanidai. Nekesa aliomba msamaha, yeye na diploma zake zote mbili. Barasa ni mwenyekiti wa chama kingine, Neasden. Nitakuja mkutanoni kwenu, Barasa, nikae mstari wa mbele, bila chapati. Unijibu wakisikia: mbona zamu yako ulichukua taslimu, zetu ukazifanya arubuni?