Vingao Vinne Chini ya Birika

Mama alipouliza nani ameleta birika la bati nyumbani kwake, nilidhani anatania. Alikuwa amesimama katikati ya sebule yetu pale Igoma, birika mkononi, na wanajumuiya waliokuja kusali kwetu walikuwa wamekwisha kukaa wakisubiri chai. Kisha na mimi nikaliona. Kwenye tumbo la birika, pale ambapo tangu utotoni nilikuwa nikijitazama uso wangu ukiwa umetanuka kama wa chura, palikuwa na baka la njano iliyopauka, kama jino la mvuta sigara.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa mlangoni na sinia la maandazi. Mama hakumtazama. Alilirudisha birika jikoni, akawamiminia wageni chai kutoka kwenye chupa, akasali nao mpaka mwisho, akawasindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alifunga mlango na kusema kwa sauti ya chini kabisa kwamba ameibiwa.

Birika lile si la kawaida kwetu. Babu, baba yake mama, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa kule Bukoba. Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao alimwambia babu achague zawadi ya kuagana: ng'ombe wa maziwa na ndama wake, au seti ya chai yenye birika, bakuli la sukari na kijagi cha maziwa. Babu alichagua seti, kwa sababu aliambiwa ni fedha tupu, na fedha haifi kwa ndigana kama mifugo. Ndugu zake walimcheka mpaka wanamzika. Walisema mwenzao kakataa maziwa akachukua chombo cha kuyawekea. Mama alikua akiyasikia hayo kwenye kila msiba na kila harusi, na kila mara alijibu kwamba ng'ombe yule angeshakuwa mifupa siku nyingi, lakini fedha ya baba yake ipo.

Kijagi kilipotea familia ilipohamia Mwanza. Bakuli lilivunjika mkono mmoja, likafungiwa kabatini. Birika ndilo lililokuwa likitoka kwenye siku za maana, na mama mwenyewe alilifuta kwa kipande cha khanga kuukuu na unga wa chaki, taratibu, kama anayemfuta mtoto jicho.

Wifi hakuyajua haya. Aliolewa kutoka Kisesa, kwenye nyumba ambayo sufuria husuguliwa kwa mchanga na waya mpaka zinaumiza macho, kisha zinapangwa kichanjani juani ili apitaye njiani aone ni mke wa namna gani aliyeingia hapo. Wiki yake ya kwanza kwetu alizisugua sufuria zetu, ambazo nilikuwa naamini zilitengenezwa zikiwa nyeusi, na zikawa nyeupe. Mama alijisifu kanisani. Kaka ni fundi wa injini za boti huko visiwani na huja nyumbani mara chache, kwa hiyo sifa zote za ndoa ile ziliishia kwa mama. Hakuna aliyekumbuka kumwambia bibi harusi kwamba birika si sufuria.

Alipoulizwa, wifi alijibu ukweli, na ukweli wake ukawa mbaya kuliko uongo. Alisema alilisugua birika kama vyombo vingine, akaona unjano unajitokeza.

"Nilidhani ni uchafu, mama," alisema. "Nikaongeza mchanga."

Mama aliona anadhihakiwa. Alisema fedha haigeuki njano hata uisugue mpaka siku ya kiama. Alisema wifi alikwenda kwao Kisesa juzi juzi na begi kubwa, na kwamba masonara wa mjini wanaweza kukutengenezea birika la kufanana na hilo ukawaachia la kwako. Nilishtuka kuona jinsi maelezo yalivyokuwa yamekamilika kichwani mwake, kana kwamba yalikuwa yakisubiri humo siku zote. Alimpigia simu shangazi yake wifi, aliyemlea, akamwambia aje Jumapili amchukue binti yao. Halafu akampigia kaka na kuweka sauti ya nje ili sote tusikie. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama ndiye anayelijua birika lake," akasema.

Wifi alikuwa anakunja nguo zilizoanuliwa. Aliendelea kukunja.

Sikulala vizuri siku hizo. Nina tabia ya kulichukua jambo moja na kuligeuza mpaka linakuwa mambo kumi, na hili lilikuwa kumi tangu mwanzo. Kama wifi ameiba, nimekula ugali na mwizi nikamwita rafiki. Kama hajaiba, mama yangu anamvunjia kaka ndoa mbele ya macho yangu. Na mimi, mwenye shahada ya historia na mambo ya kale iliyolala kwenye bahasha tangu nihitimu, ndiye mtu pekee nyumbani aliyewahi kusoma habari za alama za vyombo vya fedha. Niliandika utafiti wangu wa mwisho juu ya vyombo vya zamani vya misheni, nikajua kwamba mafundi wa Uingereza walipiga chapa ndogo zenye umbo la ngao chini ya kazi zao: herufi za jina la fundi, alama ya mji, herufi ya mwaka, na simba anayetembea ameinua mguu mmoja. Simba yule ndiye anayesema hii ni fedha halisi. Sikuwahi kufikiri kwamba simba wa ukubwa wa punje ya mchele angeweza kumfukuza mtu kwake.

Mama alipokwenda mazoezi ya kwaya mchana, nilichukua ufunguo kwenye kopo la majani ya chai na kulifungua kabati. Niligeuza bakuli la sukari. Kwa macho matupu niliona mstari wa vingao vinne vidogo, vimepangana kwa adabu, hasa kama vile vya kwenye picha nilizosoma. Niliketi sakafuni. Kama bakuli ni fedha, birika lake lilikuwa fedha, na lile la jikoni lenye baka la njano si lenyewe. Mama alikuwa sahihi. Nilisikia wifi anachota maji nje, ndoo ikigonga ukingo wa simtanki, na niliogopa atapita dirishani aone uso wangu.

Nusu yangu ilitaka kufunga kabati na kutomwambia mtu yeyote. Lakini vingao vilikuwa vidogo mno kwa macho yangu, na mimi siwezi kuliacha jambo ambalo sijalisoma hadi mwisho. Kesho yake nilikwenda mjini, nikamwomba fundi saa mmoja karibu na soko aniazime lensi yake ya jichoni. Alicheka, akauliza kama nimeanza kutafuta almasi. Nilimwachia kitambulisho changu.

Nyumbani, chini ya lensi hapakuwa na simba. Niliangalia tena, nikalisogeza bakuli kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya vingao vinne mlikuwa na herufi nne, E, P, N na S, kila moja kwenye kingao chake. Nilizijua. Wenye viwanda waliuza vyombo vya mchanganyiko wa shaba na nikeli, vilivyopakwa fedha juu kwa umeme, utando mwembamba tu, na wengine wao walizipanga herufi hizo kwenye vingao ili mnunuzi akitupa jicho aone kama fedha halisi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetupa jicho, na nilikuwa nimeona fedha.

Nilikwenda jikoni kulichukua birika. Chini yake mchanga wa wifi ulikuwa umefuta karibu kila kitu. Nililipulizia pumzi kama mtu anayesafisha miwani, na kwa muda mfupi, kabla ukungu haujakauka, alama zikatokea: vingao vile vile, herufi zile zile nne, na chini yake namba ya mtindo ambayo kiwanda huipiga kwenye kila kipande cha seti moja. Niliilinganisha na ya bakuli. Ilikuwa ni ile ile. Nilipulizia tena na tena mpaka nikapata kizunguzungu, kwa sababu nilitaka iwe ni ile ile, na sikuamini jambo ninalolitaka.

Birika halikubadilishwa. Lilikuwa limetoka kwenye mikono ya mzungu hivyo hivyo. Unjano ulikuwa ndani yake siku zote, na wifi alikuwa mtu wa kwanza kulisugua kwa bidii ya kutosha kuufikia.

Hapo ndipo mshtuko wa pili uliponipata, na ulikuwa mzito kuliko wa kwanza. Ili kumwokoa wifi ilinibidi nimwambie mama kwamba baba yake aliacha ng'ombe na ndama kwa ajili ya utando wa fedha usiozidi ngozi ya kitunguu. Nilijaribu kutengeneza sentensi yenye jambo la kwanza bila la pili. Nilitembea nayo kichwani hadi Jumapili na haikupatikana.

Shangazi alifika baada ya misa, mwanamke mrefu wa maneno machache. Aliamkiwa, akakaa, akakataa soda. Begi la wifi lilikuwa tayari mlangoni. Mama alianza kueleza hasara yake, na aliposema neno "mwizi" shangazi alilitazama lile begi kana kwamba limemtukana.

Nilisema nina neno. Sauti yangu ilitoka nyembamba, nikaona aibu, nikaendelea. Niliweka birika na bakuli mezani vikiwa vimepinduliwa, nikampa mama lensi na kumwonyesha namba. Nilimweleza vingao, herufi, shaba na nikeli. Nilisema wifi hajaiba, birika ni lile lile. Kisha nikaketi, nikitumaini angeishia hapo.

Hakuishia hapo. Mama si mtu wa kuishia njiani. Alilisogeza bakuli, ambalo halijawahi kuguswa na mchanga, akaweka lensi jichoni vibaya, akaitoa, akairudisha.

"Na hili nalo?" aliuliza.

"Nalo, mama. Yote yalitoka pamoja."

"Kwa hiyo baba alipewa hivi."

"Ndiyo."

"Alijua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Nilisema alama hazisemi hilo. Hazisemi kama mzungu alidanganya au na yeye alidanganywa dukani, na hazisemi babu alijua nini. Mama aliiweka lensi mezani. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kama wa mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemjua. Nilitamani anigombeze.

Shangazi ndiye aliyetangulia kusema. "Dada," alisema, "pole na ya mzee. Lakini mtoto wangu umemwita mwizi, na majirani wamesikia."

Mama alisema ni kweli, amemwita. Alimgeukia wifi na kusema, "Nisamehe, mwanangu," neno ambalo mimi nilikuwa sijalisikia kwake hata mara moja. Wifi aliangalia chini akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Shangazi alisimama, akalishika begi mwenyewe, akasema atakwenda na binti akapumzike nyumbani, na anayemhitaji anajua Kisesa iko wapi. Waliondoka. Nilikuwa nimethibitisha kila kitu nilichotaka kuthibitisha, na bado begi limetoka.

Kaka alipopigiwa simu alisema atashuka kutoka visiwani akamchukue mkewe. Mama alimkatalia. Alisema yeye ndiye aliyetamka, yeye ndiye atakayekwenda, na mimi nitamsindikiza kwa sababu naweza kueleza. Nilimwuliza nieleze nini, tayari wanajua. Alisema baba yake wifi hajasikia.

Kwa hiyo tulikwenda. Tulipewa viti upenuni, na baba mkwe wa kaka, mfugaji mwenye ndevu za mvi, alimsikiliza mama bila kumkatiza. Mama alisema yote: birika, masonara aliowabuni, simu ya sauti ya nje. Alisema hata ya babu na ng'ombe, ambayo hakuna aliyemwuliza. Baba mkwe aliguna tu hapo kwenye ng'ombe, na naamini alimwonea huruma babu kwa dhati. Kisha akamwita binti yake na kumwuliza mbele yetu kama anataka kurudi Igoma.

Wifi alikuwa na unga mikononi. Aliupangusa taratibu kwenye khanga yake, na mimi nikajibu badala yake kichwani kwa kila namna.

"Nitarudi," alisema. "Ila si leo."

Baba yake alitugeukia kana kwamba hukumu imesomwa. Tulikula, tukashukuru, tukaaga. Barabarani nilianza kulichambua lile jibu: kama "si leo" ni kesho, au ni njia ya heshima ya kusema kamwe, au anamsubiri kaka aombe kwanza, kwa sababu kaka naye alitamka lake. Mama aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Angeweza kusema hapana," alisema. "Jumapili tunakuja tena. Na kaka yako namtaka awepo."