Zipu ya Gauni la Dada

Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni, nilimshauri dada yangu aache dawa. Kosa ni langu, sikutumwa na mtu. Naandika kwa sababu mdomoni hayatoki.

Dada aliugua baba alipofariki. Usiku halali, chakula hali, anaangalia ukuta tu. Hospitali walisema ni sonona, wakampa vidonge vya kumeza kila jioni. Akapata nafuu, jamani! Akarudi kucheka, akawa anakula makande mpaka anakomba sufuria. Akanenepa. Akapata na mchumba.

Jumamosi hiyo tulienda kwa fundi kujaribu gauni la sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Zipu ikakwama mgongoni.

"Bibi harusi, siku hizi unakula mpaka sahani?" fundi akasema. Wateja wote wakacheka.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani Mutuka, dada akaniuliza, "Mdogo wangu, eti nimekuwa kibonge?"

Mimi huwa siongei. Siku hiyo nikaongea! "Ni vile vidonge, dada. Viache mpaka sendofu ipite. Ni wiki sita tu."

Akanipa nimfichie. Nikaviweka kwenye tranka langu, chini ya sare za shule. Mama akiuliza, "Amemeza?" najibu mimi: "Amemeza, mama."

Akaanza kupungua. Majirani wakawa wanamwambia, "We, umependeza!" Hata mama alimsifia. Mimi kichwa kikavimba, nikaona nimeokoa sherehe. Chakula alichobakiza nilimalizia mimi, wala sikujiuliza kwa nini anakibakiza. Wiki ya tano zipu ilipanda bila shida, mpaka fundi akalipunguza gauni pande zote mbili. Dada hakujitazama kwenye kioo. Alikuwa anaangalia ukuta.

Ugonjwa unarudi, na sisi tunaupigia makofi!

Siku ya sendofu, wajomba wameshafika kutoka Bonga, dada hatoki chumbani. Tulimkuta kakaa sakafuni na gauni lake, haongei, ukimwita haitikii. Hata maji hakunywa. Akapelekwa hospitali hivyo hivyo. Wapishi wakabaki na masufuria yao ya pilau.

Daktari akauliza kama alikuwa anameza dawa.

"Kila siku," mama akasema. "Huyu mdogo wake ndiye shahidi."

Nikaitikia kwa kichwa. Mbele ya dada!

"Basi hii haimsaidii tena," daktari akasema. "Kesho nitambadilishia."

Wewe unayesoma, ukimwona mtu anayetibiwa sonona kanenepa, usimcheke. Akikonda ghafla usikimbilie kumsifia, muulize amekula nini na analalaje. Na dawa ya mtu usiiguse! Kama inamnenepesha, arudi kwa daktari akaseme.

Asubuhi yake, kabla daktari hajafika kitandani kwa dada, nilimfuata na mfuko wa vidonge.

"Shikamoo, daktari. Hakumeza. Mimi ndiye niliyemwambia aache."

Mama alikuwa nyuma yangu na chupa ya uji. Nilingoja kofi. Alisema tu, "Na mimi nilimsifia."

Nikaenda kwa dada, nikamwambia yote. Hakugeuka. Nikamimina uji kwenye kikombe, nikakishika karibu na mdomo wake mpaka uji ukapoa.