Ukuta Usiochorwa

Mjomba Vendelín Hrabovec ni fundi vigae. Ukiingia kuoga katika nyumba yoyote ya mji wetu wa Púchov, Slovakia, ukakuta mistari kati ya vigae imenyooka hadi unaona haya kuvua nguo mbele yake, ujue kapita yeye. Bafu lake mwenyewe halina kigae hata kimoja. Mkewe, shangazi Blažena, amemkumbusha hilo kwa miaka thelathini, na kwa miaka thelathini amejibiwa kwamba mpangilio bado unafikiriwa.

Hatuna undugu wa damu. Tulikaa ngazi moja katika jengo namba kumi na nne, wao ghorofa ya pili, mimi na mama ya sita, na lifti ikiwa mbovu, yaani kila siku, nilipumzika mlangoni kwao. Ndivyo nilivyoiona Didaktik yake: kompyuta nyeusi ndogo, kibodi na mwili kitu kimoja, inayochomekwa kwenye televisheni na kulishwa programu kutoka kwenye kaseti. Aliinunua mwaka wa themanini na nane, siku aliyotumwa kuleta mashine ya kufulia. Shangazi Blažena alifua kwa mikono miaka mitatu zaidi na hajasamehe. Kiwanda cha mjomba kikafungwa, akaenda Austria kujifunza vigae, akarudi na goti bovu, na muda wote huo hakuacha kuchora mistari.

Niseme vizuri: anaandika programu za kuchora mistari. Mashine ile ni ya taratibu. Ukitaka sanduku lizunguke kwenye kioo bila kukwamakwama, mistari yake lazima ichorwe upesi mno, na katikati ijazwe rangi upesi zaidi. Tunaohangaika na jambo hilo hapa nchini tuko kama arobaini, wengi wenye vipara, na kila Oktoba tunakutana katika ukumbi wa zimamoto wa kijiji kimoja ng'ambo ya mto Váh, tunaonyeshana na kushindana. Sheria ni moja: kazi yako itaendeshwa kwenye mashine halisi, kutoka kwenye kaseti, mbele ya watu wote.

Mimi ndiye msomi wa kundi. Nilisoma kompyuta chuo kikuu miaka miwili na nusu, kisha nikaacha ili nipate nafasi ya kujiendeleza. Nimejiendeleza hadi kuwa mpokea simu wa kampuni ya intaneti. Kazi yangu ni kuwaambia watu wazime kisanduku halafu wakiwashe. Sijawahi kumaliza kitu. Nina gitaa la nyuzi nne, na nyuzi mbili zilizobaki ziko kwenye bahasha tangu sekondari. Nimefaulu mtihani wa udereva ule wa kuandika, ule wa gari bado. Mama yangu, Žofia, anayefanya kazi dirishani posta, husema hata supu huwa nabakiza vijiko viwili ili nisijizoeshe vibaya.

Mwaka wa kwanza nilikwenda zimamoto na piramidi. Ilizunguka robo, kisha rangi ikamwagika kutoka chini yake hadi ukingo wa kioo, mchirizi mmoja mwembamba, kama mtu aliyeshindwa kujizuia. Ukumbi ulicheka kwa adabu. Mwaka wa pili nikaja na almasi. Ikavuja mahali pawili. Metod, mkuu wa zimamoto, ambaye ndiye hushika kipaza sauti, akatangaza: "Makofi kwa Mzee wa Kuvuja. Msiwe na wasiwasi, kikosi kiko tayari." Jina likanikaa.

Mwaka wa tatu nikajitia kitanzi kwa mikono yangu. Mama alikuwa anamenya viazi. Akaniuliza bila hasira, na mama bila hasira ni jambo la kutisha:

"Hivi Slavo, hicho kitu kilichokula diploma yako, mtu anaweza kukiona?"

Nikasema anaweza. Nikasema aje Oktoba. Mdomo ukiwa umeshawaka moto nikaongeza kwamba nitamwonyesha jengo letu, namba kumi na nne lenyewe, likipinduka hewani.

"Limeisha?"

"Karibu."

Akanitazama kama anavyowatazama watu wanaoapa dirishani kwake kwamba kifurushi kilitumwa jana.

"Nitakuja," akasema. "Lakini nikija, nikute limeisha. Nikikuta bado, hicho kimashine usinitajie tena."

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe jengo lilikuwa linavuja kila pembe. Nikachukua laptop nikamtafuta mjomba Vendelín. Nilimkuta amepiga magoti katika bafu la daktari wa meno, anapanga vigae vidogo vya mraba, mkanda wa bluu unaopanda ukutani kwa mshazari.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Vua viatu, gundi haijakauka. Imevuja?"

"Imevuja."

"Tuone."

Akafuta vidole kwenye suruali, akasoma programu yangu midomo ikichezacheza, kama bibi kizee na kitabu cha sala.

"Hapa unagawanya?"

"Ndiyo. Nagawanya kimo kwa upana, napata mteremko, kisha kila nukta naikokotoa. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Muhula wa ngapi?"

"Wa pili."

"Ungetoka wa kwanza." Akanielekeza kwenye mkanda wa bluu. "Vigae hivi ni vya mraba, havijui kwenda mshazari. Vinapanda ngazi. Nikiweka kimoja mbele, mstari wa kweli unakuwa umenizidi juu kidogo. Sasa mimi nafanyaje, natoa kikokotozi? Nalibeba hilo kosa kichwani. Kigae kingine, naongeza. Kingine, naongeza. Likizidi nusu ya kigae napanda safu moja, natoa kigae kizima kwenye hesabu, naendelea. Ni kujumlisha na kutoa tu. Kujumlisha mashine yako inaweza. Kugawanya inaweza kama wewe unavyoweza kuamka."

Akayaandika kwa penseli kwenye ubavu wa boksi la vigae, amri kumi na moja, na pembeni ya kila amri idadi ya mapigo ya saa ya mashine yanayoliwa. Hivyo ndivyo anavyoandika programu zake zote. Kabati la ngazini kwao limejaa maboksi yaliyokatwa, na mtu asiyejua angedhani anakusanya takataka. Shangazi Blažena anajua, na bado anadhani hivyo.

"Sasa kuvuja," akasema. "Unajaza rangi kwa kushuka, sivyo? Mchoraji wako, yule wa kujaza rangi, anashuka kila safu ya wima toka juu. Akikuta nukta anaanza kupaka, akikuta nyingine anaacha."

"Ndivyo."

"Na nukta mbili zikiangukia mahali pamoja?"

"Zinafutana."

"Pembe ya juu kabisa ya jengo lako, umeichora mara ngapi?"

Nikahesabu. Mstari wa kushoto unapanda unaishia pale. Wa kulia unaanzia pale. Mara mbili. Nukta zimefutana, mchoraji anapita kwenye paa bila kuliona, anakutana na nukta ya chini, anadhani ndiyo mwanzo, anapaka hadi barabarani. Miaka mitatu nilikuwa naangalia mchirizi ule na kuilaumu televisheni.

"Kigae cha kona ni cha ukuta mmoja," akasema mjomba. "Kila mstari uanzie kushoto, uchukue mwanzo wake, mwisho wake uuache. Ule ni wa jirani."

"Yaani mstari nisiumalize?"

"Usiumalize."

Kisha likamwingia alichokisema. Akakaa juu ya visigino vyake akacheka mpaka pimamaji likateleza likaingia kwenye beseni.

"Slavo. Mtu hajamaliza kitu tangu abatizwe. Mahali pamoja tu duniani pa kutomaliza, hapo ndipo umemaliza."

 Ili nisiondoke nimenyauka kabisa nikamwonyesha fahari yangu: kipande cha programu cha kuchora mstari wima. Miezi minne nilikitengeneza. Nilikuwa nimewaambia watu kwamba ndio mstari wima wenye kasi kuliko yote Slovakia, na kwa kuwa hakuna aliyeuliza ushahidi, nikaanza kuamini.

Mjomba aliusoma mara mbili.

"Safi," akasema, na alimaanisha. "Wa nini?"

"Kuta. Jengo likisimama wima kuta zake zinakuwa wima."

"Utauondoa," akasema, akarudi kwenye vigae vyake.

Nilitoka nikiwa na uhakika kwamba ni wivu.

Siku yenyewe ukumbi wa zimamoto ulinuka supu ya kabichi chachu na nyaya za umeme. Shangazi Blažena alikuwa jikoni na sufuria lake. Yeye huja kila mwaka, akisema ni bora amwone mumewe akipotea kuliko kusimuliwa. Maonyesho yalikuwa saa tisa alasiri, kaseti zikabidhiwe kabla ya hapo. Saa saba nikajaribu kazi yangu kwenye mashine ya pembeni. Pembe kavu. Jengo limelala chali, kavu. Limeinama, kavu. Nikaanza kupiga mluzi. Kisha likasimama wima barabara, mara moja katika kila mzunguko, na kuta zake zikawa na milia kama pundamilia, michirizi miwili ikashuka hadi chini ya kioo.

"Mzee wa Kuvuja kaanza mapema leo," akasema mtu mmoja mwenye kipara, akipita na bakuli la supu.

Saa nane na dakika ishirini mama akaingia. Alikuwa amevaa koti la kanisani na amebeba keki ya mbegu za mpopi kwenye karatasi ya fedha. Alinipungia mkono. Nilimpungia mkono kama mtu anayezama mbali kidogo na pwani.

Mjomba Vendelín alikuwa mbele, sikio juu ya kinasa kaseti, akikaza kijiskrubu cha kichwa kinachosoma kanda kwa bisibisi ya fundi saa huku kanda ikipiga kelele.

"Mjomba, linavuja."

"Likisimama wima?"

"Ulijua."

"Nilikuambia uondoe."

"Nikiondoa, kuta nichore na nini?"

"Usichore."

"Jengo bila ukuta?"

Akaweka bisibisi chini. "Slavo, sikiliza. Ule mstari wako wima unamwaga nukta mia safu moja. Mchoraji anaanza, anaacha, anaanza, anaacha, anachanganyikiwa. Sasa mwachie paa juu na sakafu chini, hizo tu. Kila safu anaanza kwenye paa, anaacha kwenye sakafu. Akimaliza safu ya mwisho, ukingo wa rangi yake utakuwa nini?"

Nikafikiria. Ilichukua muda mrefu kuliko inavyomstahili mtu wa miaka miwili na nusu ya chuo kikuu.

"Ukuta."

"Umechorwa na nani?"

"Hakuna."

"Kwa mapigo mangapi?"

"Sifuri." Nikaitazama kaseti yangu. "Lakini mjomba, miezi minne."

Akainamia mkoba wake wa zana, akatoa kipande cha boksi kilichokuwa cha njano kwa uzee, kimekunjwa mara mbili. Mstari wima, kwa penseli, mwandiko wake, na mapigo pembeni. Nikayajumlisha. Ulikuwa na kasi kuliko wangu kwa mapigo mawili. Juu yake alikuwa amepitisha alama moja ya kukata, pembe hadi pembe, na chini tarehe: Februari tisini na tatu.

"Mimi ulinichukua miaka miwili," akasema. "Nenda. Una nusu saa."

Kwa hiyo mstari wima wenye kasi ya pili Slovakia, pengine ya tisa, niliufuta. Vidole vilifanya kazi, mimi nilitazama pembeni. Nikarekodi kwenye kaseti, na kurekodi kunachukua dakika zake, hakuharakishwi na machozi. Nilimkabidhi Metod saa tisa kasoro dakika tatu. Kujaribu sikujaribu.

Nikakaa karibu na mama. Kanda ikaanza kulia, michirizi ya rangi ikakimbia ukingoni mwa kioo kikubwa.

"Limeharibika?" akanong'ona.

"Linasoma."

"Muda wote huu?"

"Mama, ni mashine ya themanini na nane."

"Mimi ni wa sitini na tano, na nasoma upesi."

Kelele ikakoma. Jengo likatokea, limelala ubavu, jeupe, likaanza kuinuka. Metod alikuwa amesimama pembeni na ndoo ya mchanga, kwa kuwa ni mcheshi. Watu arobaini wakainama mbele kidogo, si kwa upendo. Jengo likafika wima. Nilishika mkono wa mama, au yeye alishika wangu, sikumbuki. Lilisimama jeupe tupu, kingo zimenyooka, chini yake kukavu kabisa, kisha likapinduka upande wa pili taratibu kama halijafanya lolote. Mzunguko wa pili, kavu. Wa tatu. Metod akaiweka ndoo chini, na nikaona kwamba amesikitika.

"Dirisha letu liko wapi?" akauliza mama.

"Madirisha hakuna. Kasi haitoshi."

"Na lifti?"

"Hakuna."

"Basi ndilo lenyewe."

Nilikuwa wa tatu kati ya wanne. Wa nne kaseti yake ilikataa kusomeka. Mama aliangalia kikaratasi changu cha ushindi, kilichoandikwa kwa mkono na Metod na kuwa na doa la supu, akakikunja, akakiweka kwenye mkoba wake bila kuniuliza.

"Limeisha?"

"Limeisha."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama."

Akakata keki, akanipa kipande, akasubiri nijaze mdomo.

"Vizuri. Kumbe unaweza. Muhula unaanza lini?"

Shangazi Blažena alikuwa anapita na sufuria tupu akayasikia. Akasimama. Akaliweka sufuria juu ya meza ya waamuzi, akamgeukia mumewe, na kusema kwa sauti iliyofika hadi kwenye gari la zimamoto:

"Vendelín. Slavo kamaliza. *Slavo*."

Mjomba akanitazama kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Jumatatu alianza bafu lake. Lilimchukua siku tisa. Nimekwenda kuliona: vigae vya kijivu, mistari ya kukutia haya, kila kona ya ukuta mmoja tu. Juu ya mlango, pembe ya kulia, ameacha nafasi tupu ya kigae kimoja. Nilipomuuliza alisema kile ni cha jirani. Shangazi Blažena hakucheka, na mimi niliona ni busara kupanda kwetu ghorofa ya sita, kwa miguu.