Mnara wa Wapagazi

Kaluki, fundi wa kushona nguo pale Salama, ndiye aliyewapangia akina mama wa kanisa lake matembezi ya kusaka hazina. Walipita vijia vya Kilungu wakifumbua mafumbo aliyowaandikia, na fumbo la mwisho liliwaelekeza kwenye mnara wa wapagazi waliokufa vitani zamani. Kaluki mwenyewe aliuona akiwa msichana, na hakuwa amerudi kuukagua.

Walipofika, mnara haukuwepo. Palikuwa na boma, na mwanamke mzee aitwaye Kanini akichambua mbaazi mlangoni.

"Susu, si hapa palikuwa na mnara?" Kaluki akamuuliza bibi huyo, aibu imemjaa.

"Ulianguka. Mzee wangu akachukua mawe, akajenga jikoni." Kanini akasita. "Mmekuja kubomoa?"

"Hapana, susu. Tumekuja kuuona tu."

Akawaingiza jikoni. Ukutani, nyuma ya mafiga, kulikuwa na jiwe lililofunikwa na masizi. Kaluki akalisugua kwa kitambaa kibichi mpaka majina yakaanza kuonekana.

"Kumbe ni maandishi?" Kanini akashangaa. "Mimi nilidhani ni urembo. Nisomeeni."

Akina mama wakabanana mle ndani, moshi ukiwatoa machozi, naye Kaluki akasoma majina yote kwa sauti.

"Na hawa hawakurudi kwao?" Kanini akauliza.

"Hawakurudi."

Kanini akaepua sufuria, akaketi kwenye kigoda.

"Basi anza tena," akasema. "Polepole."