Posa ya Mtu wa Ukuta

Kuna wanaume wanaokodolea macho magari ya watu, na kuna wanaokodolea macho viwanja vya kuuza. Gerishon Murithi alikodolea macho vijana wanene. Usimfikirie vibaya, ni baba wa watu na mzee wa kanisa, mpakiaji wa mizigo uwanja wa ndege wa Pearson tangu binti yake Michelle akiwa wa kubebwa mgongoni. Lakini akipita kijana mwenye mabega ya kuziba mlango, Gerishon alisimama katikati ya njia na kumpima kwa macho, mpaka mkewe Kagendo amvute mkono.

Ya kulaumiwa ni timu ya chuo kimoja cha huko. Na mpira wenyewe si huu wetu. Ni ule wa kofia ngumu, watu wanaushika kwa mikono na kugongana kama mabeberu, halafu hawaoni haya kuuita mpira wa miguu. Alipokuwa mgeni Toronto, mwenzake kazini alimpa tiketi. Akaenda, akakaa kwenye baridi, asielewe kitu. Kisha akawaona wale watano wa mbele. Mpira hawaugusi, kazi yao ni kusimama kama ukuta ili mrushaji aliye nyuma yao asiangushwe. Mrushaji akirusha vizuri uwanja mzima unamwimba yeye, na wale watano wanajikung'uta na kujipanga upya. Gerishon, aliyekuwa ameshinda siku nzima akiinua masanduku ya watu asiowajua, alihisi kama ameonyeshwa ndugu zake. Hapo hapo akanasa.

Yeye na wenzake wa mtaani kwao, Kingsview Village, wakaibatiza timu jina la Nyati, wakajiunga na chama cha mashabiki cha chuo. Msimu uliopita ukuta wa Nyati ulibomoka. Baadhi walihitimu, wengine wakavunjika magoti, na mrushaji akaangushwa hadi hata wapinzani wakamwonea huruma. Tangu hapo mashabiki walikuwa na dua moja tu: kocha apate watu wa ukuta.

Basi mtu wa ukuta alikuwa akipanda nao lifti ya jengo lao kila siku. Sebastian, mtoto wa jirani yao Valeria, alikuwa anamaliza sekondari, na alipoingia kwenye lifti wengine walisema watasubiri inayofuata. Kila aliyeujua mchezo huo alisema kijana ana kipaji. Mama yake, muuguzi, mtu wa Bukoba, alimlea peke yake. Vyuo viwili vilikuwa vinamtaka: Nyati, na kingine mbali huko mashariki, safari ya ndege.

Kocha wa Nyati alikuja nyumbani kwa Valeria. Akanywa chai, akazungumza vizuri, akauliza uzito wa kijana na urefu wa mikono yake. Valeria akamwambia watafikiria. Habari zilipomfikia Gerishon, jambo moja tu lilimkera.

"Alikuja na nini?" alimuuliza Kagendo.

"Alikuja na simu yake."

"Mikono mitupu? Anaomba mtoto wa mtu kwa mikono mitupu?" Gerishon alizunguka sebule. "Huyu mama atakataa, na atakuwa na haki. Mkono mtupu haulambwi. Lazima waende wazee."

"Wazee gani? Wewe ni kocha?" Kagendo alisema bila kuinua macho kwenye nguo alizokuwa anakunja. "Gerishon, wacha mambo ya wenyewe."

Hakuacha. Alimwendea Khalfan, shabiki mwenzake, mtu wa Tanga, ambaye hakuna posa mtaani iliyokwenda bila ulimi wake. Jumapili mchana wakabisha kwa Valeria wamevaa makoti ya heshima. Walibeba sukari, mchele, doti ya kanga na kreti ya soda.

Valeria aliuona mzigo, akaelewa mara moja, akauma mdomo asicheke. "Karibuni, jamani. Karibu, Baba Michelle."

Khalfan alikohoa. Akasema wamepita wakaona ua zuri katika bustani ya mama huyu, na wao wenye nyumba isiyo na ua wameona vibaya kupita kimya. Ua lenyewe lilikuwa limekaa kwenye kochi linakula mkate wa tatu. Gerishon naye akaongeza kwamba kijana hatapotea, atakuwa karibu na mama yake, na jukwaani atakuwa na wazee wa kumwangalia. Valeria alipokea mzigo kwa mikono miwili, akasema amesikia, atawajibu. Waliondoka wanatembea kwa madaha. Gerishon usingizi wake siku hiyo ulikuwa mtamu kweli.

Sebastian alikuwa amefurahi pia. Alipiga picha ya kreti na kanga, akaiweka Instagramu, akawashukuru mashabiki wa Nyati kwa majina yao kwa zawadi. Kufika Jumatatu picha ilikuwa imezunguka, na kocha akampigia Gerishon simu kazini.

Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Gerishon. Alieleza polepole kwamba chuo kina sheria: mtu aliyejiandikisha kama shabiki haruhusiwi kumpa kijana anayetafutwa kitu chochote, hata peremende. Inahesabika kama kumnunua. Kama vitu havitarudi vyote, kijana anaweza kufungiwa, na akifungiwa hapa, chuo kile kingine nacho kitaogopa kumgusa.

Gerishon alikaa juu ya sanduku la mtu. Alikuwa ametaka kumpa yule mama heshima, na sasa alikuwa karibu kumwangusha mwanawe kabla hajasimama. Aliona aibu iliyomshika mpaka masikio. Isitoshe, kwao na kwa kina Valeria, anayerudi kuchukua mzigo wake wa posa anakuambia kwamba mtoto wako hamtaki tena. Ungemwambia akatembee uchi barabarani Dixon Road, angeona ni afadhali.

Alikwenda peke yake. Khalfan alisema ana mafua.

Valeria alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani akarudi na vitu vyote, sukari haijatobolewa, kanga imekunjwa vile vile. "Kwetu mzigo hauguswi kabla ya jibu," alisema. "Ila soda mbili kazimaliza mwanao. Nimenunua nyingine, zimo humo."

"Nisamehe, Mama Sebastian. Nimekutia aibu."

"Aibu gani? Wewe ndiye uliyekuja kama watu." Akaketi. "Sasa mzigo umerudi, ushenga umekwisha. Kaa. Mimi sina kaka nchi hii, na mpira huu siujui. Niambie kama mjomba wa huyu mtoto. Aende wapi?"

Gerishon alifungua mdomo aseme Nyati. Neno lilikuwa tayari, tamu, lilikuwa limemkaa ulimini tangu msimu uliopita. Kama shabiki alijua kwa nini wanamtaka Sebastian: hawana mtu. Na kama mjomba alijua maana yake. Angeingizwa uwanjani siku ya kwanza, mtoto wa juzi, kugongana na wanaume walioiva, kila mchezo, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na wa kumpumzisha. Kile chuo cha mashariki kilikuwa na ukuta kamili. Kule angekaa mwaka mzima anakula, anajifunza, mifupa inakomaa, ndipo acheze.

"Baba Michelle?" Valeria alisema.

"Asije kwetu." Ilimtoka kwa sauti ndogo. "Kwetu watamvunja. Si kwa ubaya. Kwa shida tu. Mpeleke kule."

Valeria akaitikia kwa kichwa. Aliijua bei ya maneno yale. Mtaa mzima ulimjua Gerishon kwa Nyati wake. Hakumshukuru. Alikwenda kumpakulia ndizi.

Sebastian alipotangaza anakwenda mashariki, mashabiki walifanya matanga. Khalfan alimlaani kocha na mikono yake mitupu wiki nzima. Gerishon alinyamaza, na kwake kunyamaza ni adhabu. Hata Kagendo hakumwambia. Iliuma, tusidanganyane, alikuwa amelikataa kwa kinywa chake lile alilokuwa akiliomba.

Msimu ulianza mwezi wa nane, mchana wa jua. Nyati walikuwa wamempata kijana mwingine wa mwaka wa kwanza, sura ya kitoto ndani ya kofia kubwa. Alisimama vizuri kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili akachoka, miguu ikawa mizito, na hapakuwa na wa kumpokea. Wapinzani wawili walimwangukia kwa pamoja. Wengine walipoinuka, yeye alibaki chini ameshika goti.

"Unaona?" Khalfan alisema, machozi yakimlengalenga. "Pale angekuwa Sebastian."

"Ndiyo," Gerishon alisema. "Pale angekuwa Sebastian."

Walimbeba kijana nje kwa machela, na uwanja ukapiga makofi kama kawaida yao. Chini kabisa jukwaani, mwanamke mmoja alikuwa amesimama peke yake, mkoba umemwanguka, anageuka huku na huku, hajui mlango wa kupitia kumfuata mwanawe. Gerishon alimpa Khalfan chai yake amshikie, akaanza kushuka ngazi kumwendea.