Kibao cha Somo Yangu

Siku ile barazani kwangu Kariakoo tulikuwa hawa: mimi. Mjukuu wangu Zuhura, mtoto wa marehemu mwanangu Hadija. Bi Mwantumu, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Mama Neema, Mchaga wa duka la vitenge, ambaye nimemlelea watoto. Na kaka yake Elibariki, mkaguzi wa zahanati. Wote waliiona aibu yangu, kwa hiyo bora niieleze mwenyewe kabla Bi Mwantumu hajaitia chumvi.

Zuhura kamaliza udaktari na mazoezi yake hospitalini. Zamani ukifika hapo unasajiliwa, basi. Akaniambia, "Bibi, sheria imebadilika, sasa kuna mtihani kwanza. Nikitibu mtu kabla sijasajiliwa, nimekwisha." Nikaitikia (kuitikia naitikia, kusikia ni jambo lingine), na alipoenda kujisomea nikamwita Saidi mchora vibao aniandikie DAKTARI ZUHURA YUPO, rangi nyekundu, nikakitundika juu ya mlango, nikisema nakiangalia tu, jioni nakishusha.

Kufumba na kufumbua baraza limejaa! Bi Mwantumu kaja na goti lake, wapita njia wanauliza nani wa mwisho, nami kwa raha nawatandikia mikeka na kuwamiminia kahawa, mara Zuhura huyo anarudi, na nyuma yake Mama Neema na Elibariki wanakuja kunijulia hali. Elibariki akasoma kibao.

"Shikamoo bibi. Daktari mwenyewe yuko wapi?"

"Marahaba. Ni mimi," nikasema. "Zuhura ni jina langu." (Kweli, mtoto ni somo yangu, kapewa la kwangu.) "Natibu kwa mitishamba."

"Hata waganga wa mitishamba wanasajiliwa, bibi. Cheti kiko wapi?"

"Mganga gani huyu!" Bi Mwantumu akadakia. "Juzi mafua tu yamemlaza siku nzima!"

Watu wakaangua kicheko. Zuhura akasogea mbele.

"Mjomba, kibao ni changu, ila daktari bado sijawa. Sijamgusa mtu. Nyie wazee wangu, nendeni hospitali, nawaomba."

Elibariki akamgeukia Bi Mwantumu. "Kakutibu?"

"Angenitibu goti lingekuwa bado linauma?"

Hapo hata Elibariki akacheka. "Kishushe, bibi."

Nikapanda kigoda mbele ya mtaa mzima, na aliyenishikilia nisianguke ni Zuhura yuleyule niliyetaka kumponza.

Mtihani bado. Kibao kiko chini ya kitanda changu, nimekifunika kwa khanga, na nimeapa hakitoki mpaka somo yangu akitoe kwa mkono wake. Kama kuna jina nimelikosea nisahihisheni, ila Bi Mwantumu akija, goti aliache kwao.