Rovu langu, na bibi aliyesikika ndani yake: Tororo, miaka ya sitini

Wakuu, nawasalimu wote, wa Uganda na wa Kenya.

Mimi ni mama mtu mzima, shule yangu iliishia darasa la sita. Mjukuu ndiye aliyenifungulia akaunti hapa. Naandika polepole, mnivumilie. Nitasema nilichokiona, na nisichokijua nitasema sijui.

Uganda ilikuwa imeshapata uhuru. Kwetu ni Dabani, karibu na mpaka wa Kenya. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwoga wa watu kiasi kwamba nikitumwa dukani nasubiri wengine watoke ndipo niingie.

Mwaka huo shingo yangu ilianza kuvimba. Rovu.

Wanawake wengi walikuwa nalo. Vijana kisimani walikuwa wakinitania: "Nafula, umemeza yai la bata? Tutotolee basi!" Mimi nafunga kitambaa shingoni, nachota maji, naondoka.

Shida yangu haikuwa hao vijana. Shida ilikuwa jina langu.

Sisi Wasamia mtoto hupewa jina la aliyekufa, na anaheshimiwa kama yule mwenyewe. Mimi nina jina la mama mzaa baba. Baba aliniita "mama" tangu nikiwa mchanga. Na huyo bibi alikuwa na rovu, upande uleule wa kulia. Ndilo lililomkaba mpaka akafa.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa ameolewa Busia, upande wa Kenya. Aliposikia habari akaja. Akanifungua kitambaa. Hakunitazama usoni. Alipiga magoti, akaisalimia shingo.

"Mulembe, mama. Umerudi?"

Tangu hapo kila siku ya soko alikuja, akakaa mkekani, akazungumza na shingo yangu. Mvua, mihogo, watoto wake. Akiuliza swali ananyamaza kidogo, halafu anaitikia, "Eeh. Ndiyo, mama."

Mimi sikusikia kitu.

Msidhani alikuwa na wazimu. Aliuza samaki wakavu, na aliheshimika pande zote mbili za mpaka. Alimpenda mama yake tu.

Lakini mimi nilianza kukosa pumzi. Nikiinama kupalilia, nahisi mkono umenishika koo. Nikajua nitakwenda kama bibi alivyokwenda.

Ndipo watafiti wa ugonjwa wa shingo wakafika Tororo, na wenye marovu tukaitwa kupimwa. Baba akakubali. Shangazi akasema haniachi peke yangu mikononi mwa watu hao.

Siku ya kwanza dresa, yaani msaidizi wa daktari, Mjapadhola mmoja mcheshi wa hapo Tororo, aligawa chupa. "Kila mtu naleta mkojo yake. Hapana ya jirani!" Watu wakacheka.

Nilipotoka chooni shangazi aliipokea chupa yangu. Nikamwona anazunguka nyuma ya ukuta. Alimwaga mkojo wangu chini, akaufukia kwa mguu, halafu akaijaza chupa mwenyewe.

"Hawatambeba mama yangu kwenye chupa," akaniambia.

Nikamfuata ndani. Tukanyweshwa maji yenye dawa kidogo, tukaambiwa turudi kesho.

Kesho yake nikaiona mashine. Ni bomba fupi kwenye mkono wa chuma, na waya unaokwenda kwenye sanduku. Bomba linaelekezwa shingoni, sanduku linalia. Kwa waliotangulia lililia taratibu. Tik. Tik. Tik.

Kwangu lililia kama mvua ya mawe juu ya mabati.

Dresa akalisogeza bomba pembeni, likatulia. Akalirudisha, mvua ikaanza tena.

Shangazi alipiga magoti mlangoni. "Mama anasema!"

Hakuna aliyecheka. Wanawake kwenye foleni waliinamisha vichwa. Nilitaka kuikimbia shingo yangu, lakini utaikimbiaje?

Baada ya wiki kadhaa tuliitwa kuchukua dawa, matone ya iodini. Wenzangu wakapewa. Zamu yangu ilipofika dresa akakuna kichwa.

"Wewe, dada, natuchanganya. Shingo yako iko na njaa ya iodini, mkojo yako imejaa iodini. Daktari nasema tukiongeza, moyo itakwenda mbio mbaya. Wewe rudi nyumbani."

Hapo nikaelewa. Shangazi alikuwa na kidonda mguuni, na kila siku alikipaka iodini ya kahawia ya dukani, akakifunga kitambaa. Dawa ya kidonda chake ilikuwa imemwingia mwilini, na ndiyo ilikuwa ndani ya chupa yangu.

Shangazi alikuwa nyuma yangu. Kwetu msichana hamsahihishi shangazi mbele ya wanaume. Dresa alikuwa anamwita mwingine.

Nikachukua penseli mezani. Nikaandika kwenye kadi yangu, herufi moja moja: *Mkojo si wangu. Ni wa shangazi. Ana kidonda.*

Dresa alisoma. Akatazama kitambaa cha kahawia mguuni mwa shangazi.

"Mama, hii ni kweli?"

Shangazi alinigeukia mimi. Aliinama mpaka pumzi yake ikagusa rovu langu.

"Mama," akauliza, "huyu mtoto umemruhusu akutoe?"

Akanyamaza, anasubiri. Chumba kizima kikasubiri.

"Nimemruhusu," nikasema.

Sikupanga, wakuu. Sauti ilitoka nzito, si ya msichana. Shangazi alilia, akasema, "Haya, mama. Nenda salama." Nikapimwa upya, nikapewa matone. Rovu lilipungua mwezi baada ya mwezi, pumzi ikarudi. Shangazi hakuja tena siku za soko.

Nililojifunza: mwambie mganga ukweli hata wa aibu, maana dawa hufuata unachomwambia. Na ninyi mnaopima watu, ulizeni kwanza wanaogopa nini.

Mjukuu anasema sanduku lilisikia mionzi ya ile dawa tuliyokunywa, na shingo yangu yenye njaa ndiyo iliikusanya nyingi kuliko za wenzangu. Namwamini. Ila hajaweza kuniambia kama siku ile nilimdanganya shangazi, au la.

Kama yupo humu aliyewahi kujibu kwa niaba ya marehemu, aandike hapa chini. Nitasoma zote, polepole.